Libreto: tamthilia inapogeuzwa kuwa opera

Libreto ni maandishi ya opera: maneno yanayoimbwa, pamoja na maelekezo ya nani anaingia jukwaani na anafanya nini. Mara nyingi hayabuniwi upya, bali huchukuliwa kwenye hadithi au tamthilia inayojulikana tayari. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kuimba huchukua muda mrefu kuliko kusema. Tamthilia ya saa tatu ikiimbwa neno kwa neno, watazamaji watakesha. Mwandishi wa libreto hushika mkasi kabla ya kalamu.

Wapo waliokataa kukata. Mrusi Aleksandr Dargomyzhsky aliitia muziki tamthilia ya Pushkin, "Mgeni wa Jiwe", karibu kama ilivyo, nayo ikaonyeshwa St. Petersburg mwaka 1872. Iliwezekana kwa kuwa ni fupi.

"Dada Watatu" ya Anton Chekhov, iliyochezwa kwanza Moscow mwaka 1901, haichezewi hivyo. Maneno ni mengi, matukio machache: watu wanakunywa chai, wanalalamika, wanangoja maisha yaanze. Mtunzi wa Hungaria Péter Eötvös, aliyeandika libreto pamoja na Claus H. Henneberg, hakuishia kupunguza. Aliuvunja mpangilio wenyewe. Opera yake "Tri sestry" ("Dada Watatu" kwa Kirusi), iliyozinduliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1998, inaanza na maneno ya mwisho wa tamthilia. Zinafuata sehemu tatu, ya Irina, ya kaka yao Andrei na ya Masha, na mambo yaliyokwisha kuonekana yanarudi, safari hii kwa jicho la mtu mwingine. Kati ya dada hao watatu, ni Olga tu ambaye hakupewa sehemu yake. Naona ni sawa kabisa: hata kwa Chekhov, yeye ndiye wa kubeba mizigo ya wenzake.

Yaliyokatwa kwenye maneno hulipwa na muziki. Olga ana filimbi yake, Masha klarineti, Andrei basuni, kwa hiyo ala ikilia tunajua moyo wa nani unasema hata kama mdomo umefungwa. Okestra ni mbili, ndogo mbele ya jukwaa na kubwa nyuma yake. Lugha ilibaki Kirusi.

Kilichozua mjadala zaidi ni kwamba kule Lyon dada hao waliimbwa na wanaume wenye sauti nyembamba za juu. Ukiwatazama, unaacha kuwaza wanawake watatu wa mji fulani wa Urusi. Unabaki na huzuni yao tu. Hata hivyo si sharti: Vienna mwaka 2016, Eötvös mwenyewe akiongoza, waliimba wanawake.