Kuhama mtandao, kununua simu: yanayosemwa na yalivyo

"Ukihama mtandao, namba yako inakufa."

Kwa imani hii watu wanavumilia mtandao unaokatakata miaka nenda rudi, maana namba iko benki, iko shuleni kwa mtoto, na wateja wote wanaijua. Lakini Tanzania imeruhusu kuhama na namba yako tangu Machi 1, 2017. Kenya walianza mwaka 2011. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaouhamia, siyo ule unaouacha (hao watakubembeleza tu), ukiwa na kitambulisho na laini yako ikiwa hewani. Unatuma neno HAMA kwenda 15080, unapewa laini mpya, na ya zamani ikizimika unaweka hiyo.

Namba inabaki, ila vingine havihami, na hapo ndipo watu wanapoumia. Pesa iliyo kwenye simu haikufuati, kwa hiyo itoe au ihamishie benki kabla hujatuma chochote. Vocha na bando navyo unaviacha huko huko. Kama ulikopa pesa kwa Songesha au vocha kwa Nipige Tafu, lipa kwanza. Kuhama hakufuti deni.

"0754 ni Voda, hakuna ubishi."

Ilikuwa hivyo zamani. Leo 0754 inaweza kuwa Airtel, na 0784 ikawa Voda. Ukiona dakika za mitandao yote zinaisha haraka wakati unampigia shemeji yule yule wa siku zote, huenda alishahama bila kukuaga.

"Mtandao fulani ndio wenye kasi."

Wapi? Mtandao unaoruka Posta, katikati ya Dar, unaweza kutambaa Chanika, pembezoni mwa jiji. Kinachoamua ni mnara ulio karibu nawe na wangapi mnaugombania. Weka laini ya mtandao unaoutaka kwenye tundu la pili la simu yako, kisha ujaribu saa 2 usiku, chumbani, mlango umefungwa. Wengi wakishafanya hivyo wanagundua hawana haja ya kuhama: moja inabaki ya kupigiwa, nyingine ya bando. Simu ya 5G nayo, kama mtaani kwako 5G haijafika, itashika 4G kama ya jirani aliyelipa nusu ya bei yako.

"Hii ina RAM 16, bosi."

Utalisikia hili Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kabla hujamaliza kusalimia. Geuza boksi usome maandishi madogo: mara nyingi ni 8+8. RAM, yaani memori ambayo simu inaitumia ikiwa kazini, ya kweli ni 8. Nane nyingine zimeazimwa kwenye memori ya kuhifadhia picha, ambayo ni ya polepole zaidi. Muulize muuzaji, "Ya kweli ngapi?" Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Megapikseli nazo zinadanganya vivyo hivyo. Kamera kuu ya iPhone ilikaa kwenye megapikseli 12 tangu 6s ya mwaka 2015 hadi 13 ya mwaka 2021, na hakuna aliyeisema ina picha mbaya. Piga picha moja ndani ya duka, kwenye kona yenye giza, uikuze.

"Used ya Marekani ndiyo yenyewe."

Inaweza kuwa nzuri sana, au ikawa pambo la mezani. iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia 14 hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM tu (laini iliyomo ndani ya simu, isiyochomekwa), kwa hiyo uliza kwanza kama mtandao wako unaitoa. Nyingine zimefungwa na kampuni ya simu ya huko, zinakataa laini zetu. Na kama akaunti ya iCloud (ile ya Apple inayoifunga simu) ya mwenye simu wa zamani bado imo, usikubali lile neno "fundi ataitoa".

Halafu bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Zilinganishe na za kwenye boksi, kisha zitume kwenda 15090 uone jina la simu litakalorudi. Simu feki zilizimwa nchini tangu Juni 16, 2016, lakini bado zinauzwa. Usitoe hela mpaka laini yako ikamate na upige hata simu moja ukiwa hapo hapo kaunta.