Kurudi chuoni ukiwa kwenye Universal Credit: malipo yanabaki, yanapungua au yanakatika?

Mtu mzima anayepokea Universal Credit, yaani malipo ya kila mwezi ya serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo, akipata nafasi ya kurudi chuoni, huwa anapewa ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia aache kabisa kwa sababu atakatiwa kila kitu, na wapo wanaomwambia aende tu, hakuna atakayegusa pesa yake. Ushauri wote huo unaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa mtu wake. Hatari ni kuchukua jibu la jirani na kujiandikisha nalo, halafu Oktoba kodi ya nyumba inadaiwa na akaunti iko tupu.

Ninavyofanya mimi kazi hii ya kushauri watu, natenganisha maswali mawili. La kwanza: ukishakuwa mwanafunzi, bado una haki ya Universal Credit? La pili: ukiwa bado nayo, kiasi gani kitabaki baada ya mkopo wa masomo kuhesabiwa? Watu huyachanganya. Wanasikia fulani hakupata hata senti, wanadhani alikosa haki, kumbe haki alikuwa nayo na mkopo ndio uliomaliza malipo. Kanuni za Universal Credit nitakazoeleza ni zilezile England, Scotland na Wales, lakini upande wa mikopo naongelea mfumo wa England.

Nani anabaki na haki

Kanuni ya msingi ni fupi: mwanafunzi wa muda kamili hapati Universal Credit. Kisha inakuja misamaha, na mmoja tu unatosha.

Unaopatikana kwa urahisi zaidi ni wa mtoto. Ukiwa na mtoto unayemlea, au mwenzi wako anaye, haki yako inabaki hata ukisoma shahada ya muda kamili. Wa pili ni wa mwenzi: mnaishi pamoja, wewe unasoma na mwenzako hasomi naye ana haki ya Universal Credit, basi dai lenu la pamoja linaendelea. Wa tatu ni wa vijana walio chini ya miaka 21, wasio na msaada wa wazazi, wanaosoma kozi isiyozidi kiwango cha A-level (mitihani ya mwisho ya sekondari).

Wa nne ni wa ulemavu, na huo ndio unaoumiza watu wengi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nao kidogo.

Unahitaji vitu viwili kwa pamoja. Kwanza uwe unapata malipo ya ulemavu, kwa mfano Personal Independence Payment (PIP), au Adult Disability Payment ukiwa Scotland. Pili uwe umeshapimwa na kuamuliwa rasmi kwamba uwezo wako wa kufanya kazi ni mdogo. Kitu hiki cha pili ndicho kinachosahaulika. Mtu anasema, "Mimi nina PIP, niko salama." Hayuko salama. Tangu Desemba 2021, uamuzi kuhusu uwezo wa kufanya kazi lazima uwe umetolewa kabla ya siku kozi inapoanza. Uamuzi ukija wiki moja baadaye haukusaidii, hata kama ugonjwa wenyewe unao kwa miaka kumi.

Na uamuzi huo hauji haraka. Unapeleka cheti cha daktari, unajaza fomu ya UC50 ya kueleza hali ya afya yako, unasubiri kupimwa, ndipo matokeo yanatoka, na yote hayo huweza kuchukua miezi. Kwa hiyo mwenye maradhi ya muda mrefu anayefikiria kuanza Septemba asisubiri barua ya chuo. Aanze mchakato wa kupimwa mapema kadiri awezavyo, kisha kabla ya kujiandikisha ahakikishe ana barua ya uamuzi mkononi, yenye tarehe. Kama haijatoka, ni busara kukiuliza chuo kama kinaweza kumwahirishia nafasi hadi mwaka unaofuata. Inauma, lakini ni nafuu kuliko kuanza kozi ukiwa umejifungia mlango kwa muda wote wa masomo.

Jambo jingine la kutuliza moyo: PIP yenyewe haikatiki kwa sababu umeingia chuoni, wala haiangalii kipato chako. Carer's Allowance, malipo ya anayemtunza mgonjwa au mlemavu, ni tofauti. Ukisoma saa 21 au zaidi kwa wiki, inasimama.

Neno kwa ndugu zetu wenye viza. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hana ruhusa ya kutumia fedha za umma, yaani malipo ya serikali kama haya, na misamaha niliyoitaja haimhusu. Kama wewe una ukaazi wa kudumu lakini mwenzi wako viza yake ina zuio hilo, msibadilishe dai lolote kabla ya kuonana na mshauri anayejua sheria za uhamiaji. Kosa la hapo linaweza kumgharimu mwenzako kitu kikubwa kuliko pesa.

Masomo ya nusu muda

Hapa hakuna hesabu ya saa iliyowekwa kama wengi wanavyodhani. Kinachotazamwa ni kama kozi inagongana na masharti ya kazi uliyokubaliana na mshauri wako wa ajira. Anayetakiwa kutafuta kazi saa 35 kwa wiki, na madarasa yake ni Jumanne na Alhamisi mchana, anaweza kuambiwa kozi haiendani na masharti, na hapo anahesabiwa kama mwanafunzi asiye na haki. Anayesoma jioni kwa kawaida hapati shida. Na ambaye hadaiwi sharti lolote la kazi, kwa mfano mzazi mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kozi ya nusu muda haina cha kugongana nacho.

Kuwa kozi ni ya muda kamili au ya nusu muda, barua ya chuo ndiyo inayoanza kuangaliwa. Ombeni barua inayosema hivyo waziwazi. Barua yenye neno "mwanafunzi" peke yake huzua maswali yasiyo ya lazima.

Mkopo unavyokula malipo

Mkopo wa ada hauhesabiwi. Wa kujikimu unahesabiwa, isipokuwa ile sehemu maalumu ya msaada wanayopewa baadhi ya wanafunzi, wakiwemo wazazi wasio na wenzi na wenye ulemavu. Barua ya mchanganuo wa mkopo huionyesha sehemu hiyo kwenye mstari wake. Itafuteni. Afisa akiijumlisha kwa makosa, malipo yanashuka bila sababu, na nisingemlaumu mwanafunzi asiyegundua.

Halafu kuna hili ambalo watu hawaliamini hadi waone barua: mkopo ambao ungeweza kuupata unahesabiwa hata kama hukuuomba. Kwa Waislamu wanaokwepa riba ni jambo zito kweli. Kanuni haitazami sababu ya mtu kuukataa, inatazama tu kama ulikuwa ndani ya uwezo wake.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Wanachukua kiasi cha mwaka kinachohesabika, wanakigawanya kwa idadi ya vipindi vya tathmini vinavyoangukia kwenye mwaka wa masomo, wanatoa pauni 110 kwa kila kipindi, kinachobaki kinapunguza Universal Credit pauni kwa pauni. Kipindi cha tathmini ni ule mwezi wako binafsi, unaoanza tarehe ileile kila mara. Kipindi ambacho kozi inaanza kinahesabiwa. Kipindi ambacho likizo ndefu ya kiangazi inaanza hakihesabiwi, wala vile vinavyoangukia ndani ya likizo hiyo.

Tuseme kiasi kinachohesabika ni pauni 6,300, kozi inaanza 22 Septemba na mwaka wa masomo unaisha 12 Juni. Kipindi chako kikianza tarehe 5, vinapatikana vipindi 9, cha mwisho kikiwa kile cha kuanzia 5 Mei. Kwa hiyo 6,300 kwa 9 ni 700, toa 110, unabaki na makato ya pauni 590 kila mwezi. Sasa mwanafunzi mwenzako wa darasa hilohilo, ambaye kipindi chake kinaanza tarehe 15, anapata vipindi 8 tu, kwa sababu Juni 12 inaangukia kwenye kipindi cha kuanzia 15 Mei nacho kinatolewa. Yeye anakatwa 677.50 kwa mwezi. Kozi moja, mkopo mmoja, makato mawili tofauti, na hakuna aliyekosea. Fanya hesabu hii kwa tarehe zako mwenyewe kabla ya kupanga bajeti.

Tatizo linalofuata ni la muda. Mkopo unaingia kwa mafungu matatu, moja kila muhula, na la kwanza haliji hadi chuo kithibitishe kwamba umejiandikisha. Makato ni ya kila mwezi. Atakayetumia fungu la Septemba kulipa madeni ya zamani ataikuta Novemba ikiwa ngumu sana. Ukipokea fungu, ligawanye kwa miezi itakayopita hadi fungu lijalo, na sehemu ya kila mwezi uichukulie kuwa ndiyo iliyochukua nafasi ya Universal Credit iliyopungua.

Wanaorudi chuoni wakiwa tayari na shahada wana hesabu yao. Aliyewahi kuhitimu mara nyingi hana haki ya mkopo mwingine kwa shahada ya pili ya kiwango kilekile, na mkopo ambao huna haki nao hauwezi kuhesabiwa. Lakini mzigo wa kuthibitisha uko kwako, kwa hiyo omba uamuzi wa maandishi kutoka kwa wakala wa mikopo na uupandishe kwenye akaunti yako. Aliyeanza shahada zamani akaiacha njiani hali yake si ileile: anaweza kunyimwa mkopo wa ada kwa baadhi ya miaka huku wa kujikimu bado anaweza kuupata, na huo utahesabiwa. Kwa masomo ya uzamili, kinachohesabiwa ni asilimia 30 ya kiwango cha juu cha mkopo wa uzamili.

Tarehe ya kuanza

Kwa ambaye hana msamaha wowote, ajue mabadiliko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kipindi yalikotokea. Kipindi kikiwa 5 Septemba hadi 4 Oktoba na kozi ikaanza tarehe 22, haki inakatika tangu tarehe 5. Hulipwi zile siku kumi na saba za kabla ya masomo. Malipo ya mwisho yatakuwa ya kipindi kilichoisha 4 Septemba, yanayoingia wiki moja hivi baadaye. Hicho ndicho kiasi cha kukufikisha kwenye fungu la kwanza la mkopo.

Taarifa ya kuanza masomo itolewe ndani ya kipindi hichohicho, kupitia sehemu ya kuripoti mabadiliko kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Kumwambia mshauri wa ajira kwa mdomo hakutoshi, maana hakuachi alama. Andika pia ujumbe mfupi kwenye jarida la akaunti, yaani sehemu ya kuandikiana na ofisi: jina la kozi, muda kamili au nusu muda, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha kwa mwaka wa masomo, tarehe za likizo ndefu, na msamaha unaoutegemea. Ambatisha barua ya chuo na mchanganuo wa mkopo. Tarehe ya likizo ndefu ikikosekana, upo uwezekano mkubwa makato yakaendelea Julai na Agosti, wakati yanapaswa kusimama.

Ukiona umelipwa zaidi, usinyamaze ukidhani kosa ni lao. Katika Universal Credit, pesa iliyozidi hudaiwa hata pale kosa linapokuwa la ofisi.

Kiangazi na kusimamisha masomo

Likizo ya kiangazi kati ya mwaka mmoja na mwingine haikutoi kwenye uanafunzi. Asiye na msamaha hawezi kuomba Universal Credit Julai kwa hoja kwamba madarasa yamefungwa. Mwenye msamaha ataona malipo yakipanda kwa kuwa mkopo hauhesabiwi, lakini pia anaweza kuitwa na kutakiwa kutafuta kazi miezi hiyo, jambo ambalo kwa kawaida hadaiwi wakati mkopo unahesabiwa.

Kusimamisha masomo kwa ruhusa ya chuo nako hakuondoi uanafunzi. Uanafunzi unakoma pale tu kozi inapoisha, unapofukuzwa, au unapoiacha moja kwa moja. Aliyesimama kwa ugonjwa au kwa kumuuguza mtu, sababu hiyo ikaisha na chuo bado hakijampokea tena, naye hana mkopo wala ruzuku ya kipindi hicho, ana msamaha wake. Wengi hawaujui, na ni hao hasa wanaouhitaji.

Ukikataliwa

Una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya, na unaweza kuomba kupitia jarida lilelile. Andika uamuzi unaoupinga na tarehe yake, kisha taja msamaha wako kwa jina: "ninalea mtoto", au "niliamuliwa kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi tarehe fulani, kabla ya kozi kuanza". Kama ubishi ni wa mkopo, weka hesabu yako mstari kwa mstari, ukionyesha vipindi ulivyohesabu na zile pauni 110. Wakishikilia uamuzi wao, watakutumia barua, na kuanzia tarehe ya barua hiyo una mwezi mwingine wa kukata rufani kwenye baraza huru. Kukata rufani hakulipiwi. Barua hiyo itunze, kwa sababu baraza litaihitaji ili kupokea kesi yako.