Kurudisha rangi ya mwanzo: kasri la Florida na korongo wa saruji

Tangu Disney itangaze mwaka 2025 kwamba kasri la Cinderella kule Florida litarudishiwa rangi zake za mwanzo, yaani kijivu, krimu, buluu na dhahabu kidogo kwenye mapambo, simu yangu haipumziki. Wanaojua kwamba kazi yangu hapa Kampala ni kukarabati rangi za majengo na sanamu za zamani wananitumia picha, na swali lao ni lile lile: kampuni kubwa namna ile si ina kumbukumbu zote? Wafungue faili, wachukue namba ya rangi ya 1971, wapake, wamalize.

Namba haimalizi kazi. Anayetaka kurudisha sura ya zamani hatafuti rangi moja, anatafuta jinsi rangi zilivyokuwa zikisaidiana: ipi isogee mbele, ipi irudi nyuma, na jua la mahali pale lilizifanyia nini. Kasri lile linaonyesha jambo hili vizuri, ndiyo maana nalianzia.

Lilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, siku moja na bustani ya Magic Kingdom yenyewe. Urefu wake ni futi 189, kama mita 57 na nusu, lakini limejengwa ili uone ni refu zaidi. Madirisha ya juu ni madogo kuliko ya chini. Mawe yanapungua ukubwa kadiri ukuta unavyopanda. Na hayo mawe si mawe: ndani kuna mifupa ya chuma na kuta za zege, na sehemu kubwa ya minara na mapambo ya juu ni faibaglasi. Kwa hiyo kila unachokiona kama jiwe kinaitegemea rangi. Ifute, na mbele yako una plastiki iliyochongwa vizuri.

Sasa fikiria macho yetu yanavyopima umbali. Panda Kololo asubuhi kabla vumbi la mji halijaamka, utazame vilima vinavyofuatana. Cha karibu ni kijani kilichokolea, kinachofuata kimepauka, cha mwisho ni kama buluu iliyotiwa maji. Kinachovuta ubaridi na upauko, jicho linakiweka mbali. Wabunifu wa Disney wanaijua hila hii tangu zamani. Kasri la Sleeping Beauty la California, lililofunguliwa mwaka 1955, lina futi 77 tu, na lilipokarabatiwa mwaka 2019 rangi zake zilipangwa makusudi zianze na joto la waridi chini na kupoa kuelekea buluu juu, ili kimo kiongezeke machoni bila kuongeza tofali.

Kasri la Florida limepitia mengi. Mwaka 1996, kwa sherehe ya miaka 25, liligeuzwa keki ya waridi yenye mishumaa na peremende za kupachikwa. (Kuna watu wazima leo wanaoipenda keki ile kuliko kasri lenyewe, kwa sababu ndiyo waliyoiona utotoni. Siwacheki.) Mwaka 2020, kwa maandalizi ya miaka 50, kuta zilitiwa waridi, mapaa yakakolezwa buluu, na dhahabu ikaongezwa kingo. Kwa picha za simu lilipendeza. Kwa maoni yangu lilipoteza mita kadhaa. Waridi ni rangi ya joto, inauvuta ukuta uje kwako, na ukuta ukija karibu mnara unafupika. Dhahabu nayo haina pa kung'aria ikiwa nyuma yake kuna rangi inayofanana nayo kwa joto. Kijivu cha 1971 kilikuwa kikifanya kazi ya ujenzi, si kwamba mtu alikosa ubunifu. Kwa hiyo uamuzi wa kukirudisha nauunga mkono, ila si kwa sababu ni cha zamani.

Maana ya zamani mtu anaweza kujichagulia. Mnara wa Eiffel ulipoanza kupakwa upya kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Paris ya 2024, rangi iliyochaguliwa ilikuwa ile ya kahawia iliyovuta unjano ambayo Gustave Eiffel aliichagua mwaka 1907. Lakini mnara ulikamilika mwaka 1889 ukiwa mwekundu. Hiyo ya 1907 ni ya zamani, si ya mwanzo. Kila mkarabati anapaswa kusema wazi ni mwaka gani anaurudisha, na kwa nini huo.

Nije nyumbani. Mwenye bustani moja ya michezo ya watoto, kando ya ziwa njia ya Entebbe, aliniita nimrudishie korongo wa langoni. Ni korongo taji, ndege wa taifa, wa saruji iliyotandazwa juu ya nondo na wavu wa chuma, mrefu kupita mtu mzima mara mbili. Madereva wa boda wote wanamjua. Abiria akisema "kwa korongo" hakuna swali la pili. Nilipofika alikuwa wa njano tupu kuanzia mdomo hadi kidole, kwa kuwa kampuni moja ya simu iliwahi kuidhamini bustani ikapaka kila kilichosimama wima. Kabla ya njano alikuwa mweupe, hilo lilikubaliwa na wote. Kabla ya weupe, hapo mabishano yakaanza. Mlinzi wa siku nyingi alisema majivu. Mama anayechoma mahindi ng'ambo ya barabara aliapa buluu.

Hajji, mwenye bustani, alileta bahasha ya picha za harusi zilizopigwa chini ya yule ndege. Picha nilizitazama kwa furaha na kwa tahadhari. Picha za rangi za karatasi za miaka ya 1970 na 1980 zina tabaka tatu za rangi, na zikikaa miaka mingi kabatini ile ya samawati hufifia kwanza. Zinabaki na wekundu, ndiyo maana maharusi wote wa enzi ile wanaonekana walifunga ndoa wakati wa machweo. Picha ya namna hiyo inakuambia mipaka: shavu jeupe linaishia wapi, wekundu wa koo unaanzia wapi. Rangi yenyewe usiiulize.

Ninayeamini ni korongo mwenyewe. Unatafuta mahali ambapo jua na mvua havikufika, na hapa tulipo si rahisi. Kule Orlando, nyuzi 28 kaskazini ya ikweta, ukuta unaoelekea kaskazini unakaa kivulini sehemu kubwa ya mwaka, na hapo rangi ya zamani inajificha salama. Kwetu jua linapita upande wa kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine. Hakuna ukuta unaopona. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochapwa zaidi. Kwa hiyo unaingia chini: kwenye mkunjo wa bawa, chini ya mkia, nyuma ya kibao cha mdhamini. Hapo unasugua duara dogo kwa msasa wa maji, mkali kwanza kisha laini, mpaka tabaka zote zitokeze pete ndani ya pete, ya mwisho kupakwa ikiwa nje na ya kwanza katikati.

Msasa wa maji, nasisitiza. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, ile metali yenye sumu, na vumbi lake linaua akili ya mtoto polepole. Kazi ya mnara wa Eiffel ilisimamishwa mwaka 2021 kwa sababu ya hiyo risasi. Sasa fikiria bustani ambamo watoto wanakula popkoni wakiwa wamekaa chini. Tulitandika turubai, tukafunga lango lile, tukavaa barakoa, na kila tulichokikwangua kilikusanywa kikafungwa. Fundi akikuambia atapiga msasa mkavu amalize kesho, mlipe nauli aende zake.

Katikati ya zile pete nilikuta nyeupe, kisha kijivu, kisha nyeupe tena, kisha njano. Mtu wa haraka angesema korongo alianza maisha akiwa mweupe. Ndipo unapotoa kipande chembamba ukakitazama kwa hadubini kutoka ubavuni, ukitafuta uchafu. Rangi iliyokaa nje hata msimu mmoja wa kiangazi Kampala inabeba mstari wa vumbi jekundu kabla ya kufunikwa. Kati ya nyeupe ya kwanza na kijivu hapakuwa na vumbi hata chembe, maana yake zilipakwa kazi moja: nyeupe ilikuwa undakoti, yaani rangi ya msingi ya kushikilia ile ya juu. Juu ya kijivu palikuwa na mstari mnene mwekundu. Alikaa wa kijivu miaka mingi. Mlinzi alishinda, mama wa mahindi hakukubali mpaka leo.

Kijivu gani, lakini? Rangi ya mafuta ikifunikwa ikakaa gizani huvuta unjano, na ukiilinganisha siku hiyo hiyo uliyoifunua utanakili uzee wake. Unaiacha kwanza ionje mwanga wa mchana siku kadhaa, unjano unapungua. Halafu unailinganisha nje, kivulini, jua likiwa limeshapanda, kamwe si chini ya taa za duka la rangi. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa dukani zikakosana barabarani, kwa sababu kila taa ina mchanganyiko wake wa mwanga. Jaribio letu la kwanza, masizi na nyeupe, lilivuta ubuluu. Kipande cha zamani kilikuwa na joto kidogo, na tulilipata kwa kuongeza udongo wa njano, kiasi ambacho ukikitazama kwenye kijiko unadhani hakina kazi. Rangi za udongo, zenye oksidi ya chuma, nazipenda kwa sababu nyingine pia: jua haliziwezi. Nyekundu nyingi angavu za viwandani, zile zinazotoa waridi tamu, hupauka mapema, na mwenye ukuta wa waridi amejiandikisha kununua rangi maisha yake yote.

Kazi iliyokula muda mwingi haikuwa rangi. Zile tabaka za mafuta zilikuwa zimeziba mifereji ya manyoya mpaka bawa likawa kama ubao. Tulizilainisha kwa dawa na kuzitoa mfereji kwa mfereji kwa vijiti vya mbao, chuma kisiguse saruji. Nondo za kishungi, lile taji la kichwani, zilikuwa zimeshika kutu, na kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichokuwapo, hivyo inasukuma na kupasua kichwa kutoka ndani. Tuliziondoa tukaweka za chuma kisichoshika kutu. Yote haya yalifanywa Juni na Julai, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei zikikukuta na saruji wazi, umeanza upya.

Hajji alikuja siku ya kupaka sampuli, akakunja uso.

"Fundi, watoto wanapenda njano. Hiki kijivu kitawafukuza."

"Hajji, kishungi cha korongo ni rangi gani?"

"Dhahabu."

"Kwenye huyu wa njano kiko wapi?"

Akatazama. Hakikuwepo, kilikuwa kimemezwa na mwili. Nikainua ubao wa kijivu nyuma ya nondo moja iliyokwisha kutiwa dhahabu, nikaweka na kipande chekundu cha koo chini yake. Hajji hakusema kitu, aliita kijana alete viti. Aliyemjenga korongo yule alijua, sawa na waliopaka kasri la Florida, kwamba dhahabu inataka jirani mnyamavu.

Kuna swali ninaloulizwa na vijana wa chuo: kama umeondoa nondo, umetumia rangi ya maji badala ya mafuta ili saruji ipumue, kweli umerudisha cha mwanzo? Nimerudisha sura, na nimesema hivyo kwenye karatasi. Silinganishi mahali patakatifu na bustani ya michezo, lakini tazameni Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda hapa Kampala. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya pale, ilijengwa mwaka 1882, ukarabati wa 1938 ukaingiza chuma na zege, moto ukaiteketeza tarehe 16 Machi 2010, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi yale kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nyasi za paa hazijawahi kuwa zile zile, huwa zinabadilishwa. Kinachobaki ni mikono ya ukoo wa Ngeye inayojua kuezeka, na pete 52 za dari kwa koo 52 za Buganda. Saruji haina ukoo wa kuilinda, kwa hiyo mimi nategemea maandishi.

Ndiyo maana chini ya bawa la kushoto nimeacha lile duara la pete wazi, nimelipaka vanishi tu, ili fundi ajaye asinitegemee mimi kwa maneno. Kichanganyo kimeandikwa kwa gramu na kwa aina ya unga wa rangi, si kwa jina la kopo, maana viwanda hubadilisha majina na vilivyomo bila kumpigia mtu simu. Ngazi ya kwanza ya kitako nimeipaka rangi iliyokolea, kama nyumba zetu zinavyopakwa chini, kwa ajili ya matope yanayoruka mvua ikinyesha. Korongo aoshwe kwa maji na sabuni laini kila mwisho wa mvua, na asipakwe upya kwa sababu ya Krismasi wala Idi. Nakala moja ya maandishi haya ninayo, nyingine Hajji ameifungia pamoja na hati ya kiwanja.