Shule ya chata haiwezi kuficha nyaraka eti ni ya binafsi

Jamani hii ya kusema shule za chata California (charter schools, za umma ila zina uongozi wake) zinaendeshwa na mashirika binafsi kwahiyo mwandishi akiomba nyaraka mnampotezea tu, si kweli kabisa. Tangu Januari 2020 sheria ya SB 126 imeziweka chini ya sheria ya rekodi za umma kama shule nyingine za serikali, na ni haki maana hela ni za walipa kodi. Ombi likija mna siku 10 kumjibu kama mtazitoa, mkibanwa mnaongeza 14 kwa maandishi, na hamwezi kumnyima kisa anataka kuziandikia stori. Taarifa za mwanafunzi zinalindwa na FERPA, sheria ya Marekani ya faragha ya wanafunzi, hizo futeni majina na chochote kinachomtambulisha, sio kuzuia faili zima!! Maswali ya simu ndo hamlazimiki kujibu.