Tuma Data, Usitume Fomu Nzima

Ghala la asali likiwa ndani kule Sikonge, mtandao huja na kuondoka utakavyo wenyewe. Ndiyo maana ninapotengenezea vikundi vya warina asali vya Tabora fomu ya mapokezi, sikimbilii fomu za mtandaoni. Natumia PDF yenye visanduku vya kujaza na kitufe cha kutuma kwa barua pepe. Karani anajaza bila mtandao, anabonyeza, na barua inasubiri kwenye foleni ya programu ya barua pepe, kama Thunderbird au Outlook, mpaka mtandao urudi.

Kitufe huendeshwa na JavaScript, lugha ya maagizo (skripti) yanayowekwa ndani ya PDF. Njia inayojulikana zaidi ni amri yake ya mailDoc, inayoambatisha PDF yote. Ni rahisi, lakini fomu yenye nembo na picha inakula bando, na mpokeaji bado atakaa kunakili kilo moja moja kwenye Excel. Tena mailDoc haijali kama sehemu ulizoziwekea alama ya lazima zimejazwa. Mimi napendelea amri ya submitForm, ambayo inaweza kutuma majibu peke yake, kwa muundo wa FDF au XFDF, yaani mafaili ya data ya fomu za PDF. Faili hilo ni jepesi mno: lina majina ya visanduku na kilichoandikwa ndani yake, basi.

Hii ndiyo skripti ninayoiweka kwenye kitufe, ikimbie pale kipanya kinapoachiwa:

var anwani = "ANWANI YA OFISI";
var g = this.getField("ghala").value;
var k = this.getField("kilo").value;
if (g === "" || k === "") {
  app.alert("Jaza ghala na kilo kwanza.");
} else {
  var mada = encodeURIComponent("Asali: " + g);
  this.submitForm({
    cURL: "mailto:" + anwani + "?subject=" + mada,
    cSubmitAs: "XFDF"
  });
}

Mstari wa mada usiudharau. Msimu wa kurina ukikolea, ofisini Tabora mjini zinaingia barua nyingi zenye kiambatisho cha jina lilelile, na jina la ghala kwenye mada ndilo linalomwezesha mhasibu kuzipanga bila kufungua hata moja.

Wateja huniuliza kwa nini kitufe kisitume kimyakimya, karani asione chochote. Haiwezekani, na ni vizuri hivyo. Tangu toleo la 7 la Acrobat, programu ya Adobe ya PDF, hata mailDoc ukiiandikia bUI: false (yaani usionyeshe dirisha) ndani ya fomu ya kawaida, programu inapuuza na kufungua dirisha la barua, mtu lazima abonyeze kutuma mwenyewe. La sivyo, PDF yoyote uliyookota mtandaoni ingeweza kutuma barua kwa jina lako. Acrobat ikiuliza utume kwa programu iliyomo kwenye kompyuta au kwa akaunti ya mtandaoni kama Gmail, wafundishe makarani wachague ya kwanza. Foleni iko huko.

Upande wa kupokea, XFDF ni maandishi ya XML, muundo wa data unaosomeka na programu nyingi, hivyo hata programu ndogo uliyojiandikia inayasoma. Mwenye Acrobat Pro anaweza kuunganisha mafaili mengi ya majibu kuwa jedwali moja. Anayetaka kuona fomu iliyojazwa ni lazima awe na PDF tupu ya asili, kwa sababu data hukaa mahali pake kwa kufuata majina ya visanduku. Kwa hiyo ukiboresha fomu, badilisha rangi, ongeza mistari, hamisha nembo, lakini "kilo" ibaki "kilo". Ukiibatiza "uzito_kg" katikati ya msimu, majibu ya zamani hayatapata pa kukaa, na jedwali lako litakuwa na safu mbili za kitu kimoja.

Na karani amwambie fundi mapema kama anatumia simu tu. Visomaji vingi vya PDF vya kwenye simu haviendeshi skripti hizi, na hata vivinjari vya kompyuta huendesha baadhi tu. Fomu yangu ifunguliwe kwa Acrobat Reader, toleo la XI au jipya zaidi, maana matoleo ya nyuma yalikataa hata kuhifadhi ulichojaza mpaka mtengenezaji aifungulie fomu ruhusa maalumu. Ghala lisilo na kompyuta litumie daftari na kupiga simu ofisini jioni. Mhasibu atajaza PDF hiyohiyo kwa niaba yao.