Dhana potofu kuhusu historia na siasa za dunia, zikitazamwa kutoka Dodoma

Hapa Dodoma, jiji ambalo lenyewe liliteuliwa kuwa makao makuu kwa uamuzi wa kisiasa wa mwaka 1973, mijadala kuhusu dunia haikosekani, iwe ni Soko la Majengo au katika kumbi za chuo kikuu. Mijadala hiyo hutawaliwa na kauli mbili. Wapo wanaosema yaliyopita si ndwele, na kwamba dunia ya leo ni biashara tu. Wapo pia wanaosema kila jambo liliamuliwa zamani na wakoloni, nasi tumebaki kubeba mzigo. Naona kauli zote mbili zimekosea mahali pamoja, kwa kuwa historia haifanyi kazi kwa kumbukumbu peke yake wala kwa majaaliwa. Inafanya kazi kupitia mikataba iliyotiwa saini, vyama vilivyoshika dola na viti vilivyogawanywa, mambo ambayo watu wa vizazi vilivyofuata waliamua kuyatunza, kuyapinga au kuyabadilisha.

Dhana: Vita Baridi viliisha mwaka 1991, na itikadi zake zikafa navyo.

Mtu anayeamini hivyo aitazame Kongwa, mashariki mwa jiji letu. Mwaka 1947, serikali ya chama cha Labour ya Uingereza ilianza kufyeka vichaka vya huko ili kulima karanga kwa mitambo, kwa sababu Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Udongo mgumu na ukame viliushinda mradi huo, nao ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Katika miaka ya 1960, sehemu ya eneo hilo lililoachwa ikageuzwa kambi za wapigania uhuru, wakati Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilipokuwa na makao yake Dar es Salaam. Walikaa hapo wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji, MPLA ya Angola, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini na ZAPU ya Zimbabwe.

Tuangalie vyama hivyo viko wapi leo. FRELIMO na MPLA wametawala tangu mwaka 1975, SWAPO tangu 1990. ANC iliingia madarakani mwaka 1994 na, ingawa ilipoteza wingi wa viti bungeni mwaka 2024, bado inaongoza serikali ya mseto. ZAPU ilimezwa na ZANU-PF mwaka 1987, na chama hicho ndicho kinachotawala hadi sasa. Vyama hivi vilijifunza kutofautisha rafiki na adui katika miaka ambayo silaha na mafunzo vilitoka zaidi Umoja wa Kisovieti, China na nchi nyingine za kijamaa, huku Ureno, waliyokuwa wakipigana nayo Msumbiji na Angola, ikiwa mwanachama mwanzilishi wa NATO tangu mwaka 1949.

Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kulaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga na 35 zilijizuia. Msumbiji, Angola, Namibia, Afrika Kusini, Zimbabwe na Tanzania zote zilikuwa miongoni mwa hizo 35. Sidai kwamba kura ile iliamuliwa Kongwa, kwani biashara na hofu ya kuvutwa kwenye ugomvi wa wakubwa zilikuwa na uzito wake. Hata hivyo, mchambuzi anayeieleza kura hiyo kwa bei ya ngano na mbolea tu anaacha nusu ya habari.

Dhana: Waliotusaidia katika ukombozi walikuwa Warusi.

Kosa hili ni la kawaida, na lina madhara. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na jamhuri 15, na Ukraine ilikuwa mojawapo. Wapiganaji wengi wa ANC waliofika Kongwa katikati ya miaka ya 1960 walikuwa wametoka kwenye mafunzo ya kijeshi Odessa, mji ulioko Ukraine. Kuipa Moscow peke yake deni lote la shukrani ni kufuta mchango wa watu wengine waliotoa vyakula vyao, vyuo vyao na walimu wao.

Dhana: Mipaka yote ya Afrika ilichorwa mezani Berlin, na ndiyo sababu inatushinda.

Mkutano wa Berlin, ulioanza Novemba 15, 1884 na kuisha Februari 26, 1885, uliweka kanuni za biashara katika bonde la Kongo, za usafiri wa meli katika mito ya Kongo na Niger, na za namna ya kudai maeneo mapya ya pwani. Mipaka mingi ilitokana na mikataba ya baadaye baina ya nchi mbilimbili. Mpaka wetu na Kenya ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, yaliyoendelezwa na mkataba wa mwaka 1890. Hadithi inayopendwa sana, kwamba Malkia Victoria alimzawadia Kaisari Wilhelm wa Ujerumani mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa kwake, haina msingi: kona ya mpaka ule ilikubaliwa mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili alikalia kiti cha enzi mwaka 1888.

Jambo ambalo watu husahau ni kwamba mipaka hiyo ilipata uhai wa pili kwa mikono ya Waafrika wenyewe. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za OAU walikubaliana kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kuitetea hoja hiyo. Somalia na Morocco zilikataa, na si bahati mbaya kwamba nchi hizo mbili zilikuja kuwa na migogoro mikubwa ya ardhi, mmoja Ogaden, nchini Ethiopia, na mwingine Sahara Magharibi. Idi Amin alipovamia Kagera Oktoba 1978, Tanzania ilisimama juu ya msingi huohuo wa Cairo. Mzozo wetu na Malawi kuhusu Ziwa Nyasa nao unarudi kwenye maandishi ya mkataba wa mwaka 1890. Kwa maoni yangu, uamuzi wa Cairo ulikuwa wa busara, pamoja na machungu yake kwa jamii zilizogawanywa, kwa sababu njia mbadala ilikuwa kila nchi kudai kipande cha jirani yake.

Dhana: Kutofungamana na upande wowote ni kukaa kimya.

Mwaka 1965 pekee unatosha kuivunja dhana hii. Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliiruhusu Ujerumani Mashariki kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam, na Nyerere akawajibu kwa kuwaambia waondoe na misaada mingine. Desemba ya mwaka huohuo, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu Uingereza ilishindwa kuuzima uasi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5. Msimamo huo ulikuwa na gharama, na ulilipwa kwa fedha taslimu.

Dhana: Urafiki na China umeletwa na mikopo ya karne hii.

Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya Benki ya Dunia kukataa kuigharamia. Oktoba 25, 1971, Umoja wa Mataifa uliirudishia Beijing kiti cha China, na balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa kati ya walioshangilia ukumbini. Miaka 10 baadaye, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo, Marekani ilimpinga tena na tena kwa kura ya turufu mpaka akajiondoa.

Dhana: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa haliwezi kubadilishwa.

Viti vitano vya kudumu vinaakisi washindi wa mwaka 1945, wakati Afrika ilikuwa na wanachama waanzilishi wanne tu kati ya 51: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Tangu makubaliano ya Ezulwini ya mwaka 2005, Umoja wa Afrika unadai viti viwili vya kudumu vyenye haki zote, pamoja na turufu. Mabadiliko ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa yanahitaji kuridhiwa na theluthi mbili ya wanachama wote, wakiwemo wakubwa wote watano, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini mwaka 1963, Baraza Kuu lilipopitisha azimio la kuongeza wajumbe wa Baraza la Usalama kutoka 11 hadi 15, ni mmoja tu kati ya watano hao aliyeunga mkono. Nchi za Afrika na Asia ziliendelea kushinikiza, na kufikia Agosti 1965 wote watano walikuwa wameridhia.