Tangi limeng'olewa, je, kisima kiko salama? Dhana potofu kuhusu mafuta katika maji ya chini ya ardhi

Sheli ikifungwa, pampu zikaondolewa na kiwanja kikageuzwa gereji au fremu za maduka, majirani huona mambo yamekwisha. Visima vyao bado vinatoa maji kwenye ardhi ileile.

"Tangi likitolewa, tatizo limeondoka nalo."

Mafuta yaliyokwisha kuvuja hayatoki na tangi. Petroli ni nyepesi, lita moja ina gramu 740 hivi, kwa hiyo hushuka hadi yanapoanzia maji na kuelea juu yake. Masika maji hupanda nayo mafuta hupanda. Kiangazi hushuka, mengine yakibaki yameng'ang'ania kwenye chembe za udongo. Ukanda huo uliopakwa mafuta huachia benzini, kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, kidogo kidogo kwa miaka mingi. Pima kila baada ya miezi mitatu, kwa uchache mwaka mzima, ili masika, vuli na kiangazi vyote viingie kwenye hesabu. Kipimo kimoja cha mwezi mmoja hakimsafishi mtu.

"Yangekuwa na mafuta, tungesikia harufu."

Hii ndiyo inayotutia hofu kuliko zote. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa benzini katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Pua huanza kuihisi ikifika karibu miligramu 10, yaani mara 1,000 ya kikomo. Kuchemsha nako si dawa: benzini huchemka kwenye nyuzijoto 80, ikatoka sufuriani na kuingia kwenye hewa ya jikoni anayovuta mpishi. Klorini ni ya vijidudu, haiisaidii benzini kuondoka.

"Kisima chochote kinafaa kupimia."

Kisima cha uangalizi, kinachochimbwa kwa ajili ya kupimia, huwa na bomba lenye matundu yanayovuka usawa wa maji, juu na chini yake, katika misimu yote. Maji ya masika yakipanda kupita matundu, mafuta yanayoelea hayawezi kuingia, na karatasi ya maabara itasema safi. Juu ya matundu huzibwa kwa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, ili maji ya mvua yasiteremke kando ya bomba. Visima viwe vitatu au zaidi, visikae kwenye mstari mmoja, na mdomo wa kila kimoja upimwe urefu kutoka alama moja. Bila hivyo huwezi kujua maji yanaelekea kwa jirani yupi.

"Ni kuteremsha ndoo na kujaza chupa."

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwanza teremsha kipimo cha mafuta na maji: mlio wa mfululizo ni mafuta, wa kukatikakatika ni maji. Mafuta yakiwepo, andika unene wake na usichukue sampuli ya maji, maana tone moja litaharibu namba zote.

Yasipokuwepo, toa maji yaliyolala. Bomba la milimita 50 hubeba takriban lita 2 kwa kila mita. Safu ya mita 4 ni lita 8, nawe utoe mara tatu, lita 24. Yaweke kwenye pipa lenye mfuniko, si mtaroni.

Chupa ni ya mililita 40, tayari ina asidi ya hidrokloriki kidogo. Jaza polepole mpaka maji yavimbe mdomoni, funga, igeuze, igonge kwa kidole. Ukiona kiputo kinapanda, benzini itahamia kwenye hewa hiyo: anza na chupa nyingine. Hifadhi kwenye barafu, nyuzijoto 4, ichunguzwe ndani ya siku 14. Anza na kisima safi, umalizie na kichafu, ukibadilisha glavu kila kisima. Aliyejaza petroli kwenye jenereta asiguse chupa.

"Maji yetu yako chini sana, hayafikiwi."

Kwenye kambi ya jeshi la anga ya Kirtland, Albuquerque, Marekani, uvujaji uligunduliwa mwaka 1999. Maji yapo karibu mita 150 chini, na mafuta yaliyafikia. Ethilini dibromaidi, kemikali iliyochanganywa na mafuta yenye madini ya risasi, ikavuka uzio hadi chini ya makazi ya watu.

Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo kituo kilichofanya kazi kabla ya hapo kipimwe ethilini dibromaidi pia. Kikomo cha Marekani ni mikrogramu 0.05 kwa lita. Kabla ya kupeleka chupa, iulize maabara namba ndogo kabisa inayoweza kuisoma. Wakijibu mikrogramu 1, maji yenye mara kumi ya kikomo yatarudi yameandikwa "haikuonekana".